Mtu Aliyelipa Kabla ya Kula

Shilingi mia tatu na arobaini. Nimezihesabu mara mbili, ya kwanza kwa hasira na ya pili baada ya hasira kupoa, na hesabu haikupungua. Ndani yake mna vitanda sita vya kamba, magodoro ya usufi, masinia, chokaa ya kuta, kodi ya nyumba, na ratili za tambi ambazo mpaka leo sitaki kutajiwa. Hazimo saa nilizokaa nikimsikiliza. Saa hizo sikuwahi kujua bei yake, na kitu nisichokijua bei sikitii hesabuni.

Zilikuwa fedha za mabati. Makuti ya nyumba yangu yalikuwa yamechakaa hata mtu akiwa kitandani aliweza kuchagua nyota, nami nilikuwa nimemwahidi mke wangu kwamba masika ijayo haitatukuta chini ya makuti yale. Badala yake nikafungua nyumba ya wageni pale Likoni, karibu na kivuko, nikashirikiana na mtu ambaye mwenyewe alikuwa hawezi kukaa nyumba moja.

Tulimwita Baharia. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, lakini mtaani kwetu mtu akishapewa jina la kazi, lile jingine huwekwa pamoja na kanzu ya Idi. Nilipomjua, baharini alikuwa keshatoka zamani. Alikuwa mrefu, mkavu, na masikio yaliyotokeza nje kana kwamba upepo wa melini uliyavuta usiyarudishe. Akikaa kitini alikaa ukingoni, goti likicheza. Akisimama nawe barazani, baada ya maneno mawili alikuwa upande wako wa pili, na wewe unazungumza na ukuta.

Mimi nilikuwa dalali wa vyumba. Makuli wa bandarini, makarani wapya kutoka bara, wauza kuku wa Kwale waliopitwa na feri ya mwisho, wote waliletwa kwangu. Nikiwapatia chumba, mwenye nyumba alinipa changu na mpangaji alinipa changu, kila mmoja akiamini kwamba ni yeye peke yake anayenipa. Sikuwahi kumwambia yeyote uongo. Hawakuniuliza.

Katika wapangaji wote, Baharia ndiye aliyenilisha. Chumba cha kwanza nilichompa kilikuwa Mtongwe, kinatazama hori, kina upepo. Akakaa humo Ramadhani yote, na Mfunguo Mosi akanijia asubuhi, kasha begani.

"Dalali, nitafutie kwingine."

Nikamwuliza kama mna kunguni. Hamna. Paa linavuja? Halivuji. Mwenye nyumba ana kelele? Akasema ni mtu mwema sana, na jinsi alivyolitamka neno mwema ungedhani anataja upele. Nikampeleka mtaa wa Shika Adabu. Akakaa kidogo, akaja na kasha. Nikampeleka nyuma ya msikiti, kwa mzee mmoja na wanawe. Akaja na kasha. Kila akihama mimi nilipata changu na changu, basi nikawa kama mtu mwenye kuku atagaye kila siku. Sikuona haja ya kumwuliza kuku sababu.

Mke wangu ndiye aliyeng'amua. Kwetu mtu mpweke akipanga uani mwako humwachi ale mkate mkavu. Leo utampelekea bakuli la mchuzi, kesho sahani ya wali, na kwa kuwa sahani hairudi tupu, naye atakurudishia na chochote alicho nacho, na hivyo ndivyo ujirani unavyosukwa. Baharia sahani ya kwanza aliipokea kwa shukrani. Ya pili aliirudisha na samaki aliyemkaanga mwenyewe, tena kwa ustadi. Ya tatu ikifika, siku ya pili yake yuko mlangoni kwangu.

"Babake Zuhura," mke wangu akaniambia, "ukitaka yule mzee akae, waambie wenye nyumba wamnyime chakula. Na ukitaka hela, nambie mimi nimpikie."

Nilicheka. Kisha nikalifikiria.

Alikuwa na tabia nyingine iliyowaudhi watu zaidi. Mkahawani alilipa kabla ya kula. Chai moja na mahamri mawili. Senti aliziweka mezani kwanza, akazisukuma kwa kidole mpaka mbele ya mwenye mkahawa, ndipo akavuta kiti. Mwenye mkahawa alikuwa mtu wa heshima zake, na siku moja akashindwa kuvumilia. Akamwuliza mbele ya watu kama anamwona yeye ni mtu wa kumfukuza mteja mjini kwa ajili ya senti thelathini.

"Si wewe ninayekuogopa," Baharia akamjibu, akanywa chai yake kwa mafunda manne, akaondoka.

Hata katika sinia la harusi alikuwa wa kwanza kuinuka. Wenzake bado wanakwangua, yeye keshanawa, yuko nje anatafuta viatu. Wazee wakasema ni mazoea ya melini, kule kengele hulia hujamaliza tonge. Mimi nikaafiki, kwa kuwa nilikuwa sijapata maelezo mengine yaliyo rahisi zaidi.

Mahali pamoja tu palimtuliza, napo hapakuwa Likoni. Palikuwa kisiwa cha Wataliani, kidogo hata unaweza kukizunguka kwa miguu kabla jua halijakuwa kali. Alishushwa huko, kwa maneno yake, kabla ya vita vikuu vya pili, kifua kikimbana, aachwe apone mpaka meli nyingine ya kampuni yake ipite. Akakaa majira mazima. Jina la kisiwa alilitaja, ila hakuna aliyeweza kulirudia, kwa hiyo nasi tukawa tunasema Kisiwani tu, kama mtu anavyosema mjini.

Kijana wa Likoni akipata kazi ya meli, hata kama meli yenyewe inakwenda Bombei, alipelekwa kwanza kwa Baharia apewe maagizo. Nayo hayakubadilika. Ukishuka gatini, yule wa kwanza kukushika mkono usiende naye. Vyumba vyake viko juu ya ghala la samaki na dirisha linatazama winchi, utalala umeziba pua na masikio. Usile mahali palipotandikwa kitambaa cheupe, kitambaa hicho utakilipia. Tazama wavuvi wanakula wapi wakishauza. Pale kula mchana. Usiku panda ngazi, pita birika la maji ya mvua, nyumba ya tatu, mlango wa buluu. Hapo utamkuta mjane. Kwake utapata kitanda, na utapata kula.

"Nimwambie nimetumwa na wewe?" vijana walikuwa wakiuliza.

"Usinitaje."

Tulidhani ni unyenyekevu.

Kwa mjane watu wote walikula meza moja ndefu chini ya mzabibu: yeye, nduguye, mwashi mmoja mpangaji, mwalimu wa shule mpangaji, na Baharia. Mkate wao ulikuwa mgumu kushinda mofa la juzi. Waliulowesha, wakaukamulia nyanya na mafuta ya zeituni, wakaunyunyizia matumba madogo ya maua yaliyokaa ndani ya chumvi. Na tambi walizila kwa dagaa na kitunguu saumu. Hapo wazee wa baraza walikuwa wakijishika mbavu. Tambi kwetu ni sukari na iliki, ni futari. Tambi za dagaa ni kama mtu kukwambia kwao halua hutiwa pilipili. Baharia hakuwajali. Aliendelea mpaka kwenye kikaango. Yule mjane, alipoelewa kwamba mgeni wake hali nguruwe, alikwenda akanunua kikaango kipya, kisichowahi kuguswa, akakipigilia msumari wake peke yake ukutani, na mtu mwingine asikitumie. Akifika hapo sauti ilimpungua, akahama upande wa pili wa baraza.

Mimi husikiliza kwa vidole, nikihesabu. Mlango uliokuwa wa buluu Ijumaa, nilipousikia tena baada ya Idi ulikuwa wa kijani. Ngazi nazo ziliongezeka na kupungua kama bei ya nazi. Wako waliosema hakupata kukanyaga kisiwa chochote ila hiki cha Mombasa. Mimi mlango haukunisumbua. Mlango hupakwa rangi. Kilichonikera ni kwamba kila mara aliingia Kisiwani, akala, akalala. Sikumsikia hata mara moja akitoka.

Basi ukaja mwaka ule wa kabla ya Uhuru, na kila mtu alikuwa na mguu mmoja nje. Wazungu wa fukweni walikuwa wakiuza viti na majokofu. Barazani watu walibishana Mwambao utakuwa wa nani hata waliogombana wakasahau kusalimiana. Watu wa bara walikuja kwa wingi kutafuta kazi, baadhi ya watu wetu walikuwa wanatafuta pa kwenda, na wote hao, nilijiambia, lazima walale mahali na wale kitu. Nikaona nina nyumba ninayoweza kuipata kwa kodi nafuu, nina fedha za mabati, na nina mtu mmoja ambaye kwa miaka amekuwa akiisifu nyumba ya wageni mpaka watu ambao hawatapata kufika huko wanaijua njia yake.

Nilipomwambia, alitembea. Alikwenda mpaka kwenye mnazi akarudi, akaenda tena. Halafu akasimama, jambo ambalo lenyewe lilinishtua.

"Nitapika," akasema. "Lakini kula ni pamoja. Na bei isitajwe watu wakiwa wanakula."

Nikakubali. Nilidhani ni adabu tu, na adabu haina gharama. Tukashikana mikono mbele ya mke wangu: faida nusu kwa nusu, hasara nusu kwa nusu. Mke wangu akauliza mabati yako katika nusu ipi. Nikamwambia asiwe na pupa.

Baharia alitaka meza ndefu. Fundi seremala akaitaja bei ya shilingi themanini, nikamshusha hadi sabini, na hapo akaapa wallahi kwamba chini ya hapo anawaibia wanawe. Sabini kwa mbao nne na miguu. Nikamwambia Baharia kwamba mkeka upo, masinia nimeyapata kwa bei ya kutupwa, na sisi si Wataliani. Tangu lini watu wa Likoni wakahitaji meza ili wale pamoja? Alinitazama, akahama upande wangu wa pili. Niliona nimeokoa shilingi sabini.

Mgeni wa kwanza alikuwa mzee muuza kuku kutoka Kwale. Aliweka kitanda chake, akanawa, akaja mkekani. Fedha alikuwa amezifunga fundo pembeni mwa shuka, nikaliona, zito. Baharia akaketi naye sinia moja, nami nikaketi. Wali wa nazi, changu wa kupaka. Baharia akamvunja yule samaki kwa mkono wake, akachukua pale tumboni penye mafuta, akapasukuma mbele ya mgeni, kama afanyavyo mwenye nyumba. Akamhimiza: ongeza, mbona huli. Asubuhi mzee alilishika fundo lake. Akamtazama Baharia, akanitazama mimi ambaye vidole vyangu jana vilikutana na vyake ndani ya wali, akaliachilia fundo. Akatuombea dua ndefu, Mungu atuzidishie, akaenda zake na kuku wake wote.

Na mimi ningemdai kwa uso gani? Mtu aliyekula nawe sinia moja si mteja. Mchukue akae mezani, mpe sahani yake na kijiko chake, atakuuliza mwenyewe ni kiasi gani. Mweke mkekani mbele ya sinia na mwenye nyumba akimmegea samaki, umeshamfanya mgeni, na mgeni halipi. Ukimtajia bei utakuwa umemtukana, tena umejitukana. Jambo hilo kila mtoto wa Likoni analijua. Mimi nililijua. Nililisahau kwa shilingi sabini.

Mambo yakazidi. Baharia alikaa na sinia karibu na mlango, na kila apitaye akamwambia karibu, kama ilivyo ada. Watu wetu wakajibu starehe, wakapita, kama ilivyo ada. Lakini wale vijana wa bara hawakuwa na habari kwamba karibu ni salamu. Wakakaribia. Kuli mmoja, kifua kama mlango wa ghala, alikula akanywa maji akaniambia kwa moyo safi kwamba kwao watu wa pwani husemwa ni wachoyo, na kwamba atakaporudi atakanusha. Tambi za dagaa nazo zilipotoka, wenyeji waliomba sukari. Wakapewa. Wakatia. Sura zao sitaki kuzieleza.

Nilimfuata Baharia jikoni.

"Wewe unalipa kabla ya kula kila uendako," nikamwambia. "Nao walipe kwanza, basi. Hatutataja bei wakila."

"Mimi nalipa ili nisidaiwe."

"Na wao?"

"Wao sitaki wadaiwe."

"Sasa tutakula nini sisi, mzee?"

Akanipa kipande cha samaki.

Masika ilitukuta. Mvua ilipita katika makuti kama haikuyaona, ikanyesha juu ya kitanda chetu, na mke wangu akaenda akaleta lile sinia letu kubwa akalitega chini ya tone. "Alhamdulillahi," akasema, "angalau limepata kazi." Wiki ile nikafunga nyumba. Nilipokwenda kumwambia Baharia, chumba kilikuwa kitupu, kimefagiwa, na kasha halipo. Hakuja kwangu nimtafutie kwingine, na hilo, pamoja na mia tatu na arobaini, liliniuma kwa namna yake.

"Nyumba nzima ilikuwa sahani ya tatu," mke wangu akasema. "Ulitaka akae?"

Nilimwona tena baada ya Uhuru. Vikaratasi vya rangi bado vilikuwa vimenasa katika nyaya. Nilikuwa nimekwenda Changamwe kutazama vyumba karibu na landhi, makazi ya wafanyakazi wa reli, na kabla sijamwona mtu nikasikia harufu: kitunguu saumu, nyanya, dagaa. Nikaifuata kama mdai. Nyuma ya landhi, chini ya turubai, palikuwa na meza. Ndefu, ya mbao za masanduku ya shehena, na vijana wa reli wameketi pande zote mbili, kila mmoja na sahani yake, wanakula tambi za chumvi bila kuuliza sukari. Kichwani pa meza palikuwa na kopo la maziwa lililotobolewa. Kila anayeingia alitumbukiza sarafu, ndipo akakaa.

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu masika. Yaliniponyoka yote ila shikamoo.

"Marahaba," akasema. "Umechelewa, dalali."

Alikuwa amekonda zaidi. Nikataka kutumbukiza sarafu, akaufunika mdomo wa kopo kwa kiganja. Akanipa sahani. Nikala. Sitasema zilikuwa tamu, kwa sababu bei yake nilikuwa naijua. Nasema tu kwamba sahani ilirudi nyeupe. Vijana walipoondoka nikamwambia ninachomdai. Nusu ya mia tatu na arobaini ni mia na sabini. Nikamkumbusha tulishikana mikono.

Akakubali kwa kichwa. Kisha akaketi, kwa mara ya kwanza nilivyomjua mimi, mgongo ukiwa umeegemea.

"Nilikaa pale nikijua mimi ni mgeni," akasema. "Nilikula meza moja nao, nikachota maji, nikapaka ule mlango rangi, buluu, na ulipochubuka kijani. Yule mama alinimegea mkate kwa mkono wake. Mimi ni mtu wa pwani, ningejuaje? Siku meli ilipokuja akanihesabia. Kwa vidole, taratibu, nimfahamu. Kitanda. Mkate. Samaki. Kampuni haikuwa imempelekea kitu. Na alianzia kwenye kikaango, dalali. Kikaango kile kilikuwa cha kwanza katika hesabu."

Kikaango kipya ni fedha.

"Nikamwambia naingia melini nikachukue mshahara. Nikapanda. Sikushuka. Nilikuwa nimesimama juu, namwona. Alikaa gatini mpaka kamba zikafunguliwa, ameshika mkate kaufunga kitambaani, wa mimi kula njiani. Mpaka leo sijui kama mkate ule nao aliuhesabu."

Akaondoka, akarudi na bati la biskuti, akaliweka mezani baina yangu na sahani. Akalifungua. Nilizihesabu kwa macho, na kwa mazoea nikazirudia.

"Zimefika mia na sabini," akasema. "Na kwa hesabu yangu ya miaka yote, pale Kisiwani nadaiwa kiasi hicho hicho, au karibu yake. Yupo kijana hapa anapanda meli ya Wataliani Jumatatu, nimemwonyesha njia, atafika. Huenda mama keshafariki. Huenda yuko. Na mabati yako nayajua. Mvua ikinyesha siwezi kulala. Nimewaambia watu umri wangu mzima walale wapi na wale wapi, na sikukosea. Hili silijui. Wewe umekaa kati ya watu wawili maisha yako yote, ukala kwa huyu na ukala kwa yule, na hakuna aliyekuchukia. Nishauri, mwanangu. Nimlipe nani?"